Debe la Julai na debe la Februari

Wiki iliyopita nilikuwa kijiji kimoja cha wilaya ya Uyui, Tabora, siku ya afya na lishe ya kijiji, tukiwapima watoto chini ya mwembe. Bibi mmoja aliyekuja na wajukuu wawili alisubiri foleni yote iishe, ndipo akanisogelea. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia: "Mwanangu, hawa wamepungua, naona mwenyewe. Hela ya TASAF nilipokea, tumekula nayo mpaka ikaisha. Serikali inayotaka watoto wale, mbona chakula chenyewe haileti?"

Mimi ni afisa lishe. Nimefanya kazi hii katika halmashauri za mkoa wa Tabora kwa zaidi ya miaka kumi, na swali la bibi huyu naulizwa kila mwaka. Huwa linakuja kati ya Desemba na Machi. Mwezi wa saba sijawahi kuulizwa. Nadhani jibu limejificha humo humo kwenye kalenda, kwa hiyo leo nalieleza kwa kirefu, maana wanaosoma hapa wengi wana mama, bibi au shangazi kijijini ambaye yumo kwenye mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaozipa kaya maskini ruzuku.

Kwanza, ni kweli zipo serikali zinazotoa chakula, au hela isiyonunua kitu kingine ila chakula. Marekani ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1964: familia ya kipato kidogo hupewa kadi, na kadi hiyo dukani haikubali pombe wala sigara. Kina mama wajawazito na watoto wadogo wana mpango wao peke yao, na chakula cha mchana shuleni kina sheria yake tangu 1946. Ndugu zetu walioko huko wakituma picha za kadi hizo, watu huku huuliza kwa nini sisi hatuna.

Kwetu Tanzania bara serikali ilichagua fedha. TASAF yenyewe ilianza mwaka 2000, ikijenga zaidi madarasa, zahanati na visima. Awamu ya tatu, iliyozinduliwa mwaka 2012, ndiyo iliyoleta Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na hapo ruzuku ikaanza kumfikia mlengwa mwenyewe mkononi, kila baada ya miezi miwili. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Lori la mahindi kutoka ghalani mpaka kijiji cha ndani Sikonge au Kaliua wakati wa mvua ni gharama kubwa na matope matupu. Fedha hufika, na mwenye duka kijijini naye anauza. Na mama mwenye mtoto wa miezi minane anajua kwamba leo nyumbani kwake hakupungui unga, kunapungua dagaa na mafuta. Hakuna kamati inayoweza kumjulia hilo.

Lakini fedha haijui msimu.

Chukueni kalamu. Debe moja la mahindi makavu lina uzito wa kilo 18 hivi. Mtu mmoja, kwa wastani, huhesabiwa kilokalori 2,100 kwa siku, kipimo ambacho mashirika hutumia kupanga mgao wa chakula, hata kwa wakimbizi walioko jirani zetu Kigoma. Ukigawanya, debe moja linampa mtu mmoja nguvu ya siku 30. Kaya ya watu watano hulimaliza kwa siku sita, na hapo wamekula mahindi matupu bila mboga wala chumvi. Watoto hula kidogo kuliko hapo, lakini ndio wanaohitaji zaidi vitu visivyo mahindi.

Katika awamu ile ya kwanza ya Mpango, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na kaya yenye watoto ikifikisha masharti yote iliweza kupata hadi 38,000. Awamu ya pili ya Mpango ilianza mwaka 2020 na viwango vimebadilika, ila hesabu ni ileile, ndiyo maana natumia hivi ambavyo wengi mnavikumbuka. Kiwango cha juu kwa dirisha moja, yaani malipo ya miezi miwili kwa pamoja, kilikuwa 76,000. Tuseme debe mwezi wa saba ni 10,000, na mwezi wa pili limepanda mpaka 20,000. Mwezi wa saba hela hiyo inanunua madebe saba na nusu, na kaya ya watu sita inakula siku 38. Mwezi wa pili hata madebe manne hayafiki, na kaya ileile inakula siku 19. Ruzuku haijakatwa hata senti moja, lakini chakula kimepungua nusu.

Tabora tuna mvua moja. Inaanza Novemba, inakatika Aprili, na anayekosea hana nafasi ya pili mpaka mwaka ujao. Novemba na Desemba maembe yanatubeba. Watu wa mikoa mingine hawaelewi jinsi embe la Tabora linavyoshika nafasi ya chakula cha mchana cha mtoto. Yakiisha Januari, panabaki michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kama ilikaushwa ya kutosha, mlenda, kisamvu, na uyoga kwa wanaoujua msitu. Mahindi mabichi yanaanza Machi. Urambo na Kaliua, kwenye tumbaku, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu shamba la chakula hubanwa na shamba la tumbaku, na hela ya tumbaku inakuja baada ya masoko kufunguliwa, wakati mahindi ni tele. Kaya inakuwa na hela wakati chakula ni rahisi, na haina hela wakati chakula ni ghali. Kisha mahindi yaliyouzwa Juni kwa bei ya kutupa, ili kulipa deni, yananunuliwa tena Januari kwa bei mara mbili.

Ningependa niseme "nunueni mapema, wekeni ndani" na yaishie hapo. Haiwezekani bila kumtaja dumuzi, ambaye wengi wetu tunamwita Skania. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kati, na mahali pa kwanza barani kutambuliwa kuwa amefika ni mkoa huu huu wa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inaaminika aliingia ndani ya mahindi yaliyoagizwa kutoka nje wakati wa upungufu wa chakula wa miaka ya 1970, miaka ile ya unga wa yanga, unga wa mahindi ya njano, ambayo wazee wanaisimulia. Kwa hiyo mzee wa Tabora akisita kuweka gunia ndani miezi sita, msimwone mzembe. Ameshaona gunia likigeuka vumbi. Skania hula mahindi, hula hata makopa ya muhogo. Dawa yake iliyo salama kwa kaya yenye watoto ni mfuko usiopitisha hewa, wenye tabaka za ndani za nailoni: mahindi yakauke sawasawa, mfuko ufungwe kwa kukaza, usitobolewe, na usifunguliwe kila siku. Mdudu anakosa hewa, anakufa. Mfuko mmoja hutumika zaidi ya msimu mmoja ukitunzwa, na panya akizuiwa.

Swali lingine linalonifuata kila ninapokwenda ni "kwa nini jirani yumo na mimi simo?" Naomba lieleweke, maana limevunja undugu sehemu nyingi. Majina huanza kwenye mkutano wa hadhara wa kitongoji au mtaa. Wananchi wenyewe ndio wanaotaja kaya zilizo duni kuliko nyingine. Baadaye waandikishaji hupita nyumba kwa nyumba na dodoso: nyumba ina kuta gani na paa gani, mnakunywa maji ya wapi, wangapi wanategemea wangapi, mna mifugo gani. Majibu huchakatwa kwa kompyuta, na anayeonekana juu ya mstari hutoka. Ndipo orodha hurudi kijijini kuthibitishwa. Kosa huweza kuingia kila hatua. Mtu hakwenda mkutanoni kwa sababu alikuwa na mgonjwa. Mjane ana bati alilojengewa na marehemu mumewe, dodoso linaona bati, njaa halioni. Nimekutana na kaya za namna hiyo, na zimeniuma.

Kwa hiyo mkutano ukiitwa, mpelekeni mzee wenu hata kwa baiskeli. Na kama ameachwa, malalamiko hupelekwa kwa kamati ya usimamizi ya jamii ya kijiji, kwa mtendaji, na yasiposikika, kwa mratibu wa TASAF halmashauri. Yaandikwe. Malalamiko ya mdomo husahaulika siku hiyohiyo. Na kwa wanaolipwa kwa simu: laini iwe kwa jina la mlengwa mwenyewe. Bibi akitumia laini ya kijana wa jirani, hela ni ya kijana wa jirani mpaka aamue vingine.

Ruzuku ya mtoto ina masharti: wadogo wapelekwe kliniki, wanafunzi wahudhurie masomo angalau asilimia 80. Wapo wanaoyaona ni usumbufu. Mimi nasema bila kliniki tusingemwona mtoto anayekondeana mpaka achelewe. Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu unaonyesha ndani ya nusu dakika: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya hapo na 12.5 ni wa kadiri. Mtoto wa utapiamlo mkali asiye na matatizo mengine hupewa chakula dawa, ile pakiti ya karanga, maziwa, sukari na mafuta iliyoongezwa vitamini na madini. Hapa nawasihi. Pakiti ile ni matibabu ya mtoto mmoja, kama kidonge cha malaria. Najua ilivyo ngumu kumlisha mmoja na wenzake watatu wakitazama. Mama mmoja Kaliua aliniambia alikuwa akiigawa sawasawa kwa haki ya mama, na mgonjwa wake hakuongezeka hata gramu kwa wiki tatu. Sikumlaumu. Tulichofanya ni kutafuta namna wale watatu wale kwanza uji, ndipo mgonjwa apewe pakiti yake.

Shuleni ndiko tunakopoteza nafasi nzuri kuliko zote. Elimumsingi haina ada, lakini chakula cha mchana katika shule ya kutwa ni jukumu la wazazi na jamii. Vikao vya michango vingi nilivyohudhuria viliitwa Januari, shule zinapofunguliwa. Ndiyo wiki ambayo mzazi hana debe hata la kwake! Mchango uleule ukikusanywa Juni, mahindi yakiwa bado uani, mzazi anatoa bila kuumia, na shule ikiwa na mifuko ile isiyopitisha hewa, uji unakuwepo mpaka Machi. Na mtoto ambaye nyumbani kwao hawakuweza kuchangia, apewe kikombe kama wenzake. Kumwacha dirishani akitazama hakumfundishi mzazi wake kitu chochote.

Kuhusu wazee sina mengi ya kufurahisha. Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hawakuwahi kuajiriwa. Bara hatujafika huko. Mzee asiye na mtu kabisa anaweza kupokelewa kwenye makazi ya serikali kama yale ya Ipuli hapa Tabora, na mwenye kaya duni huingia TASAF kama kaya nyingine, hata akiwa peke yake. Ila wazee wengi ninaokutana nao hawako peke yao. Wanalea. Wazazi wa watoto wako Dar, Kahama au kaburini, na ruzuku ya bibi ndiyo ada ya daftari, ndiyo sabuni, ndiyo uji.

Jambo la mwisho mnaloweza kulidai bila kumwogopa mtu: kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato yake ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa kazi za lishe. Imo kwenye mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa wanasaini. Mwulizeni diwani wenu zilitengwa ngapi, na ngapi zilitoka.

Turudi kwa bibi. Mjukuu mkubwa alikuwa sawa. Mkono wa mdogo ulisoma sentimita 12.1 kwenye utepe. Tumemwandikisha zahanati, atapimwa kila wiki mbili, na nimemwonyesha bibi namna ya kusaga karanga na dagaa pamoja na kutia kwenye uji, vitu ambavyo tayari vilikuwepo nyumbani kwake ila vilikuwa vinapikwa mboga ya wakubwa. Halafu akaniita kwenye kikundi chao cha kuweka akiba, wanawake 14, karibu wote walengwa. Tulipiga hesabu ile ya debe kwa kijiti mchangani. Wamekubaliana kwamba katika dirisha la kwanza baada ya mavuno kila mmoja atatoa hela ya debe moja, wanunue pamoja, wagawane Januari. Mwenyekiti wao akaniuliza mifuko inauzwa wapi. Nikamwandikia kwenye daftari la kikundi duka la pembejeo la mjini, na katibu akaongeza chini yake: "Mifuko 3. Kabla ya Juni."