Maduka chini, makazi juu: ukuta unahama, nguzo haihami

Kariakoo ya leo, mtaa wa biashara wa Dar es Salaam, ina mpangilio unaojirudia mtaa hadi mtaa: fremu za maduka chini, stoo juu yake, kisha makazi. Si jambo geni. Nyumba ya Kiswahili iliyokuwa kwenye viwanja hivyohivyo, vyumba vitatu huku na vitatu kule, korido katikati na ua nyuma, ilichanganya biashara na makazi zamani. Chumba cha mbele kiligeuzwa duka, kingine kikapangishwa, kijana akioa akapewa chake. Iliwezekana kwa sababu vyumba vilikaribiana ukubwa na kila kimoja kilikuwa na mlango wake koridoni. Apatimenti nyingi za sasa zimepoteza sifa hiyo: chumba kimoja kikubwa chenye choo ndani, na viwili ambavyo ukishaweka kitanda, kabati halifunguki.

Anayetaka jengo linalobadilika matumizi aanze na nguzo. Katika ghorofa la nguzo na mihimili ya zege, kuta za tofali za ndani kwa kawaida hugawa vyumba tu. Nguzo ndizo zinazobeba, tena nguzo ileile inapita kwenye maegesho, dukani na sebuleni kwa mtu. Nafasi ya kuegesha gari moja ni upana wa mita 2.5 hivi, kwa hiyo magari matatu yanataka mita 7.5 za wazi kati ya nguzo na nguzo. Kipimo hicho dukani kinatoa fremu mbili nzuri au moja kubwa. Juu kinatoa vyumba viwili vya zaidi ya mita 3.5 kila kimoja, au sebule ya kupokelea msiba na harusi ukuta wa katikati ukiondolewa.

Baada ya nguzo, maji. Choo kikae juu ya choo na jiko juu ya jiko, mabomba yashuke kwenye shimo moja la wima, lenye mlango unaofunguliwa kutoka koridoni. Vinginevyo bomba la majitaka litapita juu ya dari la muuza vitambaa, na siku likivuja, ugomvi wake hauishi.

Ngazi ya wakazi iwe na mlango wake barabarani, usiopitia dukani. Kwa joto la Dar es Salaam, upande mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini ikiwezekana, ili jua la magharibi lisipige vyumba vya kulala na upepo wa kusi upate njia. Viwanja vya Kariakoo ni vyembamba, mara nyingi haiwezekani. Hapo uwanja mdogo wa wazi katikati ya jengo husaidia kuliko kuongeza chumba kimoja cha giza.

Kubadilika hakumaanishi kila mpangaji kuita fundi na nyundo. Kabla ya kugusa ukuta wowote, achilia mbali kuchimba chini ya jengo, mhandisi aliyesajiliwa aone michoro. Jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 20.

Kwa wanaouza apatimenti mojamoja ndani ya jengo, Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008 inampa kila mnunuzi hati yake, huku ngazi, paa na sehemu nyingine za pamoja zikibaki za wote. Mwambie mbunifu majengo aonyeshe mipaka hiyo tangu mchoro wa kwanza, pamoja na kuta zinazoruhusiwa kuondolewa, kwa rangi tofauti.