Rekodi ya 11-1 katika futiboli ya vyuo Marekani: maana yake

Ukikuta timu ya futiboli (mpira wa Kimarekani wa kukimbia nao na kuurusha kwa mikono, si soka) ya chuo kikuu cha Marekani imeandikiwa 11-1, soma hivi: imeshinda mechi 11, imefungwa moja. Namba ya kwanza ni ya ushindi, ya pili ni ya vipigo. Sare haipo. Tangu 1996, mechi ikiisha timu ziko sawa huongezwa muda mpaka mmoja ashindwe.

Anayefuata ligi zetu za soka atauliza: pointi ziko wapi? Hazipo. Daraja la juu lina timu zaidi ya 130, na kila moja kwa kawaida hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za makundi na mchujo wa kutafuta bingwa wa taifa, nyingi zikiwa Jumamosi, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mwishoni mwa Novemba. Timu nyingi hazikutani kabisa katika msimu mmoja. Kila timu, ukiacha chache zinazojitegemea, imo katika kundi linaloitwa konferensi, na humo kwa kawaida hucheza mechi 8 au 9. Zilizobaki inajitafutia wapinzani yenyewe. Vyuo vikubwa hualika vidogo na kuvilipa fedha nzuri vije, tuseme ukweli, kupigwa. Kwa hiyo 11-1 ya huyu si 11-1 ya yule, na mashabiki hubishania hilo mwaka mzima.

Ushindi 6 kwa kawaida unatosha kuipa timu nafasi ya mechi moja ya ziada ya mwisho wa msimu, maarufu kama boli. Ubingwa ni habari nyingine. Kamati ya watu 13 hukaa, hutazama rekodi na uzito wa wapinzani, kisha hupanga timu kwa ubora. Kuanzia msimu wa 2014 zilikuwa zikiingia 4 kwenye mchujo. Tangu 2024 zinaingia 12.

Kwamba rekodi peke yake haitoshi, Florida State walijifunza mwaka 2023. Walimaliza 13-0, ukihesabu na fainali ya konferensi yao waliyoshinda. Lakini Novemba, Jordan Travis, mchezaji wao anayeongoza mashambulizi na kurusha mipira, alikuwa ameumia vibaya mguu. Kamati ikaona bila yeye timu si ile tena, ikawaacha nafasi ya tano na kuzichukua Texas na Alabama, zote zikiwa 12-1. Kwangu mimi ulikuwa uonevu, ingawa watetezi wa kamati hukimbilia kutaja Orange Bowl, boli waliyopewa badala ya mchujo, ambako Georgia iliichapa Florida State 63-3. Hawasemi kwamba wachezaji wengi wa Florida State walikuwa wameshajitoa kwenye mechi hiyo.

Mwaka uliofuata, milango ikiwa 12, mambo yaligeuka. Ohio State walifungwa na Oregon 32-31, kisha Novemba 30 wakafungwa nyumbani na Michigan 13-10, Michigan iliyokuja ikiwa na vipigo 5. Rekodi yao ikawa 10-2, na hata fainali ya konferensi yao hawakuiona. Kwa mfumo wa zamani msimu ungekuwa umekwisha hapo. Badala yake waliingia mchujo wakiwa wa nane, wakaitoa Tennessee, wakakutana tena na Oregon iliyokuwa 13-0 na kuifunga 41-21, wakaiondoa Texas, na Januari 20, 2025 wakaifunga Notre Dame 34-23 mjini Atlanta. Bingwa wa nchi akaandikiwa 14-2, Oregon ikabaki na 13-1 yake bila kombe la taifa.