Je, wajua kwa nini mtoto njiti akikandwa huongezeka uzito?

Bibi anayeijua kazi yake hamkandi mtoto mchanga kwa ncha za vidole. Hukaa mkekani miguu kainyoosha, akamlaza mtoto kifudifudi mapajani, akasugua mafuta ya nazi viganjani mpaka yapate joto, ndipo anashusha mikono taratibu kutoka mabegani hadi kiunoni, akikandamiza kidogo. Mtoto hulegea, hupiga miayo, na akirudishwa kwa mama hunyonya kwa pupa. Wengi tumeliona hilo majumbani. Je, kuna kitu humo zaidi ya raha?

Kipo, na habari zake zinaanzia kwa panya. Katika miaka ya 1970, Saul Schanberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliona kwamba vitoto vya panya vikitengwa na mama yao, kimeng'enya kinachoendesha ukuaji wa seli hupungua nguvu mwilini. Vikilazwa kando ya mama aliyepewa dawa ya usingizi, vikapata joto lake na harufu yake, hali ilibaki vilevile. Kilichovisaidia ni brashi iliyoloweshwa maji, ikipitishwa mwilini kwa nguvu, jinsi ulimi wa panya unavyowalamba watoto wake. Hapo kimeng'enya kikapanda tena.

Mwanasaikolojia Tiffany Field wa Chuo Kikuu cha Miami akayapeleka maarifa hayo wodini. Mwaka 1986, yeye na wenzake, Schanberg akiwamo, walitoa matokeo ya utafiti wa njiti 40, waliozaliwa na wastani wa gramu 1,280. Nusu yao walikandwa dakika 15, mara 3 kwa siku, kwa siku 10. Mkandaji alipenyeza mikono kwenye matundu ya mashine ya joto: dakika 5 za kupapasa kichwa, mabega, mgongo, miguu na mikono, dakika 5 za kumkunja na kumkunjua viungo taratibu, kisha dakika 5 za kupapasa tena. Makundi yote mawili yalikunywa maziwa kiasi kilekile. Waliokandwa waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi kwa siku, na wakaruhusiwa kwenda nyumbani siku 6 mapema.

Maziwa yaleyale, uzito tofauti! Ufafanuzi ulikuja baadaye, na uko kwenye neva ya vagasi, ile ndefu inayotoka kwenye ubongo ikapita kwenye moyo na kushuka hadi tumboni. Mkono unapokandamiza ngozi, vipokezi vya mgandamizo vilivyo chini yake huiamsha neva hiyo. Mapigo ya moyo hupungua kasi, tumbo husukuma chakula vizuri zaidi, na homoni kama insulini huongezeka, hivyo maziwa hutumika vizuri mwilini. Field na wenzake walipolinganisha mguso mwepesi na mkandamizo wa wastani, waliokandamizwa ndio walioongezeka zaidi. Mguso mwepesi mno ni kama kutekenya tu. Bibi yule hakusomea neva, lakini viganja vyake viko sahihi.

Hata hivyo tusiitie chumvi habari hii. Watoto 40 ni wachache. Uchambuzi uliokusanya tafiti kadhaa mwaka 2004 ulipata ongezeko la gramu 5 hivi kwa siku, na ukaonya kwamba nyingi kati ya tafiti hizo hazikufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Kwa maoni yangu gramu 5 si haba kwa kiumbe wa kilo moja na ushei, ila si muujiza.

Tahadhari hiyohiyo inawahusu watu wazima. Wanamichezo huambiwa kwamba kukandwa huondoa asidi ya laktiki, ile inayojikusanya kwenye misuli ikifanya kazi kwa nguvu, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliochunguza vipande vya misuli ya vijana 11 mwaka 2012, waliona laktiki haikubadilika. Kilichopungua ni dalili za uvimbe ndani ya misuli.

Mama mwenye njiti aliye bado kwenye mashine ya joto asimkande mpaka wauguzi wamruhusu na kumwonyesha, maana ngozi ya mtoto huyo ni laini mno, naye huchoka haraka. Wakati akisubiri, amwombe muuguzi amfunge mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mtindo wa kangaruu. Huko nako mwili unaguswa.