Picha ya mandhari ya vita: ardhi inapochorwa kama majeruhi

Kwenye maduka ya vinyago mjini Arusha hukosi picha za mandhari: Kilimanjaro na theluji yake, mgunga, twiga wawili, jua linazama. Viungo vyake vinajulikana, yaani anga, miti, maji na mwanga unaomvuta mtazamaji aingie ndani. Picha ya mandhari ya vita inatumia viungo hivyohivyo, ila kila kimoja kimeharibiwa na mikono ya watu. Isichanganywe na picha ya mapigano, yenye farasi, bendera na jemadari aliyenyoosha upanga. Hapa mhusika mkuu ni ardhi yenyewe, na mara nyingi hutaona mtu hata mmoja.

Aina hii ilipata nguvu katika Vita Kuu ya Kwanza, na mchoraji wa kumwangalia kwanza ni Mwingereza Paul Nash. Alifika eneo la Ypres, Ubelgiji, mapema mwaka 1917 akiwa ofisa wa jeshi. Majira ya kuchipua yalipoingia aliona majani na maua yakiota tena kando ya mahandaki. Akaumia, akarudishwa kwao, kisha mwishoni mwa mwaka akarejea akiwa mchoraji rasmi wa vita. Safari hii hakukuta kijani tena.

Kilichotokea katikati kinaelezeka. Kabla ya shambulio la mwisho wa Julai, mizinga ya Waingereza ilirusha makombora zaidi ya milioni 4. Udongo wa pale ni mfinyanzi, na mashamba yalibaki makavu kwa sababu tu wakulima walikuwa wamechimba mifereji ya kutoa maji. Mifereji ikapasuliwa, mvua ya Agosti ikanyesha, maji yakakosa pa kwenda. Mtu wa Kibosho au Machame anayejua shamba linavyokuwa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ukibomoka ataelewa upesi, ingawa hapa hakukuwa na wa kuuziba. Farasi na askari walizama kwenye tope.

Picha ya Nash ya mwaka 1918, «We Are Making a New World», maana yake tunaumba ulimwengu mpya, inatoka kwenye msitu mdogo wa eneo hilo. Itazame taratibu. Udongo umeumuka vilima vilima, mtu akaweza kudhani ni mawimbi au makaburi. Miti ni visiki virefu visivyo na jani. Nyuma kuna mawingu ya rangi ya damu iliyokauka, na juu yake jua jeupe linachomoza. Hilo jua ndilo linaloniumiza. Katika picha ya kawaida mapambazuko ni faraja, lakini hapa yanatuonyesha vizuri zaidi kilichoharibiwa.

Kwa nini miti badala ya maiti? Sababu moja ni kwamba Nash alipenda miti tangu zamani, kabla ya vita. Nyingine ni udhibiti wa serikali. Mchoraji mwingine Mwingereza, C. R. W. Nevinson, alichora askari wawili wa Uingereza waliolala wamekufa matopeni kando ya seng'enge, na wakubwa wakaikataza picha hiyo isionyeshwe. Kisiki kilichokatika kiunoni hakikuzuiwa, na bado kila aliyekiona alijua kinamsemea nani. Kwangu mimi ndipo ilipo nguvu ya aina hii: haikuficha vifo, ilivihamishia kwenye ardhi.

Katika picha nyingine ya Nash, «The Menin Road» (Barabara ya Menin), iliyokamilika mwaka 1919, watu wapo, lakini wadogo mno. Turubai ina upana wa zaidi ya mita 3, na askari wawili wanatafuta njia ambayo haipo tena kati ya madimbwi na vipande vya zege. Mfaransa mzaliwa wa Uswisi, Félix Vallotton, yeye katika «Verdun» ya mwaka 1917, yenye jina la uwanja wa vita wa Ufaransa, aliondoa watu kabisa, akabaki na moshi, mvua, moto na miali ya rangi inayokatana angani.

Vita hivyohivyo vilipita hapa kwetu. Machi 1916 majeshi ya Uingereza yalivuka kutoka Taveta, yakaichukua Moshi, yakapigana na Wajerumani Kahe. Lakini uharibifu wa huku haukuwa wa mashimo ya mizinga. Yalikuwa mapigano ya kuhamahama vichakani, na pande zote mbili zilikomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ugogo, eneo la Dodoma, iliishia kwenye njaa iliyoitwa Mtunya. Anayetaka kuchora mandhari ya vita ya Afrika Mashariki hatapata msaada mkubwa kwenye visiki vya Nash. Atalazimika kuchora shamba lililoota magugu kwa kukosa mkulima, zizi tupu, na njia iliyokanyagwa na maelfu ya wapagazi kuelekea kusini.