Gangilonga: eneo la wazi ambalo hakuna aliyelipanga

Wageni wa Iringa hupandishwa jioni kwenye jiwe la Gangilonga. Hupiga picha za mji na bonde la Ruaha Mdogo, kisha huja na swali: bustani hii ilianzishwa mwaka gani? Huwa wanashangaa wakiambiwa haikuanzishwa na mtu.

Umri wa mji unajulikana. Ngome ya Mkwawa, Mtwa yaani chifu wa Wahehe, ilikuwa Kalenga, kama kilomita 15 kutoka hapa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilivunja jeshi la kamanda Mjerumani Emil von Zelewski pale Lugalo, naye akafia hapohapo. Wajerumani walirudi mwaka 1894 na mizinga, wakaiteka Kalenga mwishoni mwa Oktoba. Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi alipojiua Julai 1898. Vita vikiwa bado vinaendelea, mwaka 1896, ofisa Mjerumani Tom von Prince akaanza kujenga boma jipya juu ya mlima huu, na mji ukakua kulizunguka. Wazee husimulia kwamba Mtwa alikuwa akipanda Gangilonga kutafakari, na kwamba jiwe lilimpa habari za adui. Ndiyo maana Wahehe huliita jiwe linalosema. Waongoza watalii huongeza chumvi kila msimu. Siwagombezi, mradi wasilitoe simulizi kama hati ya serikali.

Maeneo mengi ya wazi katika miji yetu yalitokana na mipango ya kikoloni. Wazungu walijitengea sehemu zao, Wahindi zao, wenyeji zao, na penginepo pakaachwa ukanda mtupu katikati kwa kisingizio cha mbu na maradhi. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam ina asili hiyo, ingawa leo tunapumzika pale bila kuikumbuka. Gangilonga ina sababu nyepesi zaidi: huwezi kuchimba msingi wa nyumba kwenye mwamba wa itale (graniti) wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Viwanja vikapimwa pembeni yake, nyumba zikajengwa, jiwe likabaki. Watoto wakapanda, wanafunzi wakaenda kujisomea, wapenzi nao hawakuhitaji tangazo.

Linganisha na viwanja vya Mwembetogwa, ambako hufanyika mikutano ya hadhara. Pale ni tambarare, na katika mji wa vilima kama huu tambarare ni mali. Eneo kama lile hubaki wazi kwa sababu tu watu wameamua libaki.

Wasiwasi wangu ni kwamba ugumu wa jiwe hautoshi tena kuwa mlinzi. Itale sasa ina soko. Wapasua mawe huwasha moto juu ya mwamba, joto likatanua tabaka la juu hadi likaachana na la chini, kisha nyundo humalizia kazi na kokoto zikapakiwa. Jiwe la kimila au la kawaida, moto haubagui. Na anayetaka kujenga kwenye miamba leo ana mitambo ambayo babu yake hakuwa nayo.

Kinachobaki ni karatasi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji, na kubadili matumizi ya ardhi kunahitaji kibali. Eneo la wazi linatambulika kwenye mchoro wa mipango miji, siyo kwa mazoea ya wapita njia. Kwa hiyo kabla ya kununua kiwanja karibu na miamba, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na namba ya kitalu, uombe kuonyeshwa mchoro, kisha ulinganishe na bikoni (alama za mipaka) zilizopo. Ukisikia eneo la wazi la mtaa wenu linataka kubadilishwa matumizi, peleka hoja kwenye mkutano wa mtaa na uhakikishe imeandikwa kwenye muhtasari. Malalamiko ya kijiweni, hata yawe ya haki kiasi gani, hayaingii kwenye faili.