Uonevu shuleni unapimwaje?

Mwanangu yuko darasa la tano hapa Mbeya. Wenzake humnyang'anya hela ya maandazi. Mwalimu ananiambia ni utani wa watoto. Ni kweli?

Utani ni leo wewe, kesho mimi, na wote mnacheka. Mwanasaikolojia Dan Olweus, Mswidi aliyefanya kazi Norwei na kuanza kuchunguza jambo hili miaka ya 1970, alitofautisha uonevu kwa mambo matatu: anayeumiza amekusudia, anarudia, na anayeumizwa ni mnyonge kwake kwa umbo, umri au wingi wa watu. Mwanao anaonewa.

Lakini utaupimaje? Si malaria, utoboe kidole.

Kwa dodoso, yaani karatasi ya maswali. Watoto hujaza wenyewe, bila kuandika majina. Dodoso la Olweus hueleza kwanza uonevu ni nini, kisha huuliza umempata mtoto mara ngapi katika miezi michache iliyopita. Anayejibu mara 2 au 3 kwa mwezi, au zaidi, huhesabiwa kuwa anaonewa. Huulizwa pia kama yeye huwaonea wenzake, maana wapo walio pande zote mbili, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi.

Yanayofuata ni maswali ya tendo moja moja: kupigwa, kuitwa majina, kutengwa, kuchukuliwa vitu. Hayo msiyaruke. Mtoto wa huku Makete, mkoani Njombe, ukimuuliza "unaonewa?" anaweza kuinamisha kichwa aseme hapana, kwa aibu. Muulize, "Mwezi huu kuna aliyekuchukulia daftari?" Hapo ataongea. Ulizeni na mahali: bwenini, chooni, bombani, njiani. Huku kwetu kuna watoto wanaopanda na kushuka vilima asubuhi na mapema, peke yao na wakubwa zao.

Si tumuulize mwalimu tu?

Muulizeni, ila uonevu hutafuta pasipo na mwalimu. Na kutengwa hakuachi kovu.

Matokeo yakitoka, nani achapwe?

Hakuna. Dodoso halina majina. Linaonyesha mwalimu wa zamu asimame wapi, na saa ngapi. Mwakani ulizeni maswali yaleyale, kipindi kilekile, mwone kama idadi imeshuka.

Nyumbani nitajuaje?

Tumbo au kichwa kinachouma asubuhi za shule tu, usingizi wa mang'amung'amu, daftari zinazopotea kila mara. Mkalishe umsikilize, usimwambie akapigane. Shule isipokusikia, nenda ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo.