Kila mtoto robo mbili

Makanisa yanayotaka kuanzisha ligi ya watoto huniuliza kwanza habari ya fedha: jezi atanunua nani, mipira itatoka wapi. Hayo hupatikana. Kinachoua ligi ni benchi.

Msimu wangu wa kwanza wa uratibu hapa Morogoro nilikuwa pia kocha wa timu ya usharika wetu, na tukaingia fainali. Nilikuwa na mtoto mmoja wa miaka tisa, mfupi, mpira ukimjia anautazama kwanza. Siku hiyo aliivaa jezi tangu ibadani, ndani ya shati. Tulishinda 1-0, yeye alisugua benchi mwanzo mwisho. Mama yake, kabeba mdogo wake mgongoni, hakugomba. "Mwalimu, leo hajacheza?" Nikamwambia mechi ilikuwa ngumu. "Sawa, mwalimu. Maana aliniambia nije nimwone."

Msimu uliofuata hakujiandikisha. Kikombe kipo ofisini kwa mchungaji, kimejaa kalamu.

Sasa tunacheza saba kwa saba, mpira namba 4, robo nne za dakika kumi kumi. Robo nne kwa wachezaji saba ni nafasi 28. Timu yenye watoto 11 inampa kila mmoja robo mbili, zinakwisha 22. Sita zilizobaki wanapewa watoto sita, na wiki ijayo wanaangaliwa kwanza wale watano waliokosa. Mwisho wa kuandikisha ni watoto 14, kwa kuwa hapo hesabu inakamilika bila ziada. Wakizidi, undeni timu ya pili. Kocha anakabidhi karatasi ya zamu mezani kabla ya filimbi, na robo ikishaanza hakuna kubadilisha ila mtu akiumia. Akikiuka, amepoteza mechi, hata kama kashinda saba bila.

Makocha watalalamika. Waacheni walalamike wiki tatu. Kocha akishajua kwamba yule asiyejua kutuliza mpira ataingia tu, atake asitake, utamkuta Jumatano amebaki naye pembeni ya uwanja anamfundisha kutuliza mpira. Mahubiri yangu yote ya upendo hayakuwahi kufanya hivyo.

Vijeba, yaani waliozidi umri wanaojifanya watoto, ni tatizo hata kanisani, tena wakati mwingine anayewaleta ni mzee wa kanisa. Cheti cha ubatizo hakitoshi, maana wengine hubatizwa wakubwa. Dai cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Njumu tumezikataa kabisa: nusu ya watoto wanacheza peku, na vidole vyao ni vya nyama.

Mechi ni Jumapili saa tisa alasiri. Tulianza na Jumamosi tukawakosa Wasabato wote, na Ijumaa jioni haisaidii kwa sababu jua likizama Sabato yao imeshaingia. Sala ni dakika moja, neno la mapumziko dakika tatu. Watoto wa Kiislamu wa mtaani wanacheza pia. Wazazi wao tunawaeleza mapema kwamba kuna sala, na hatumlazimishi mtoto kuisali. Mtu mzima habaki peke yake na mtoto, awe kocha au mchungaji. Hili halina mjadala.

Mzee mmoja aliwahi kuniambia michezo ni mambo ya dunia. Nikamkumbusha kwamba mpira wa kikapu ulibuniwa mwaka 1891 na James Naismith, mwalimu kwenye chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, kule Springfield, Massachusetts. Akasema hicho ni kikapu, yeye anazungumzia soka. Siku hizi ndiye mtunza muda wetu.

Karatasi ya zamu haihitaji kompyuta. Chana ukurasa wa daftari la hesabu, majina kushoto, robo nne juu. Tumia penseli: kila wiki kuna mtoto atakayechelewa kwa sababu katumwa dukani.